Manowari Zenye Ukumbi wa Wageni

Nikifungua boksi la viatu vipya, viatu mie huvisahau. Hunusa kwanza. Ile harufu ya karatasi ngumu na gundi hunirudisha kwenye mkeka wa Bibi, Ng'ambo, nilikokuwa mbunifu mkuu wa manowari za himaya iliyotawala nyota zote.

Msinicheke, cheo kilikuwa cha kweli. Nilipewa na Kaka Nassor, mtoto wa mjomba, aliyekuwa akifanya kazi hotelini Kendwa. Mgeni mmoja alimwachia kitabu cha mchezo na madadu yenye pembe nyingi ajabu. Katika mchezo huo kila mtu husema na kutenda kama mtu aliyembuni mwenyewe, na penye ubishi dadu huamua. Nassor ndiye aliyekuwa msimulizi na hakimu. Alikuja Ijumaa tu, siku yake ya mapumziko, nasi tukimngojea kama mwezi wa Idi. Binamu yetu Hamid alikuwa jemadari wa waasi. Mie, niliyekimbia jua na mpira hata mtaa mzima ukaniita Mwali, nilikabidhiwa himaya niilinde bila ya kutoka nje. Kazi ipi tena ingenifaa?

Manowari tulizikata kwenye maboksi ya viatu. Kila moja ilikuwa na uzito wake uliopangwa. Ukiongeza hiki, upunguze kile. Hamid alijaza mizinga toka omo hadi tezi. Mie nikaanza na jiko. Halafu pa kutawadhia. Bibi akapita na ungo wake wa mchele, akainama kutazama.

"Na mgeni akija, atakaa wapi?"

"Bibi, hii manowari."

"Ndo isiwe na adabu?"

Nikaongeza ukumbi wa wageni. Mizinga ikabaki miwili, tena midogo.

Ijumaa moja baada ya alasiri, Nassor akatangaza kuwa leo ni vita vya mwisho: himaya ikianguka, mchezo umekwisha. Nje ya mchezo ule sikuwa na pa kwenda, na hata ningekuwa napo, nisingekwenda.

Hamid akazibeba manowari zake mpaka ukingo wa mkeka, ndio mpaka wa himaya yangu. Lakini naye kalelewa na Bibi yule yule; mdomo ukamtangulia.

"Hodi!"

"Karibuuu!" Bibi akaitikia toka jikoni.

Nikarukia hapo hapo. "Kaka, kapiga hodi, na kashakaribishwa. Huyu mgeni sasa. Ukumbi ninao."

"Wacha ujinga wako, Mwali!" Hamid akafoka. "Mie nshapanga mizinga!"

"Unaipiga nyumba uliyokaribishwa? Hebu kamuulize Bibi!"

Hamid akamgeukia Nassor. Nassor alilishika dadu kitambo kirefu, akatutazama mmoja mmoja, kisha akaliweka chini bila ya kulirusha.

"Hakuna vita," alisema. "Hamid, vua viatu uingie ndani."

Bibi alileta visheti. Waasi walikula kuliko himaya nzima.

Baada ya siku chache tukaambiwa Nassor kasafiri, kaenda Maskati kufanya kazi. Kitabu na madadu tulivikuta juu ya kabati. Sisi tuliendelea kumngojea kila Ijumaa, mkeka umetandikwa, kila mmoja akiinoa hoja atakayompelekea hakimu.

Kwa miaka nilijisifu kuwa akili yangu ndiyo iliyoiokoa himaya. Nilikuwa mtu mzima, nimekwishasindikiza watu wangu bandarini, ndipo nikauelewa uso wa Nassor siku ile. Safari yake ilikuwa tayari. Alitaka himaya ianguke mbele ya macho yake, mchezo uishe kwa kanuni, asibaki mtoto akitegea sikio mlangoni. Kisha akatuona tulivyokuwa tukibishana kwa furaha, na hakuweza. Ile haikuwa hukumu. Kaka yetu alikuja kutuaga, na moyo haukumpa.