Nilivyoiwekea kompyuta saa ya Kiswahili, maneno ya bibi yakafutika

Wakuu, naanza na ujinga wangu ili msihangaike kuutafuta: niliiwekea kompyuta saa ya Kiswahili. Ikiwa saa tatu asubuhi, mimi naandika 3:00. Ndiyo form four yangu hiyo. Humu hakuna chumvi, natamani ingekuwepo.

Ni miaka ya mwanzo ya elfu mbili, Kirua Vunjo. Mimi mtu wa nyumbani, hata Moshi mjini nashuka kwa kulazimishwa. Shemeji aliniachia kompyuta kuukuu, nikajifanya fundi wa website ya ukoo.

Nakala zilikuwa mbili: moja kwangu, nyingine kwenye seva ya internet cafe mjini, kwa rafiki yangu Deo. Nikiunganisha kwa simu ya waya, programu inalinganisha saa za mafaili. Lenye saa ya mbele linafunika lenzake.

Haisomi kilichomo. Inaangalia saa tu.

Sasa bibi, mzaa baba, ndiye pekee aliyebaki akijua ni akina nani walichimba mfongo wetu, ule mfereji unaoleta maji toka juu, na zamu ziligawanywaje. Jumamosi moja akakubali kusimulia. Yeye anamenya ndizi, mimi nachapa. Anataja jina, anarudi nyuma, ananigombeza kwamba vidole vyangu vizito.

Jirani yetu Mama Aloyce akapita, akauliza kwa nini siandiki kwenye daftari. Nikamjibu daftari ni mambo ya zamani. (Mnaruhusiwa kunicheka hapa.)

Tukamaliza saa tano asubuhi. Kompyuta ikaweka 5:00.

Kumbe asubuhi hiyohiyo, saa mbili, Deo alikuwa amerekebisha jina la ukoo kwenye nakala ya mjini, ambayo ilikuwa na kichwa cha habari tu. Saa ya seva ilikuwa sahihi: 8:00.

Nikaunganisha. Programu ikaona ya Deo ndiyo mpya, ikailaza juu ya maneno ya bibi. Ikaniambia kazi imekamilika. Nikaenda kunywa mtori wangu kwa amani.

Sikufungua kuhakikisha.

Wiki ya tatu bibi akafariki. Baada ya mazishi wazee wakaomba niwasomee. Nikafungua mbele yao: kichwa cha habari, chini yake weupe. Nikampigia Deo. Na kwake weupe.

Nakumbuka majina mawili. Mawili tu, wakuu. Maji yanapita mgombani kila siku na sijui niwashukuru akina nani.

Nilichojifunza: saa ya faili haikwambii lipi lina kitu ndani. Fungua usome, na weka nakala pembeni kabla mashine haijakuamulia. Aliyewahi kuokoa faili lililofunikwa aandike hapa chini, japo moyoni nishakata tamaa.

Mama Aloyce nilimweleza yote, saa za huku na saa za mjini. Akasikiliza mpaka mwisho, akachukua ndoo yake, akasema:

"Bibi yako alikaa hapo miaka yote, hukumuuliza. Siku moja umemuuliza, ukaiambia kompyuta. Haya, sasa kaiulize."