Lori Tuliloliimbia

Juzi, hapa Kakuma, lori la chakula lilikwama mchangani. Dereva alikuwa mjukuu wangu Ekal. Hakukanyaga mafuta kwa hasira; aliipunguzia injini kasi, ikanguruma taratibu, lori likatoka. Nikalia. Akaniuliza sababu.

Nilikuwa mtoto, Lodwar, lori la dereva Lokwang lilipokwama mchana kwenye mchanga wa mto mkavu, likimpeleka mama yangu Akiru hospitali, uchungu wa kuzaa umemkaza. Tuliliimbia, kama tulivyomwimbia fahali wa baba ili apate nguvu. Shangazi Nakiru akanisukuma: "Imba, wewe! Sauti gani hiyo ya mbuzi mgonjwa?" Nikapaza. Lokwang akazidi kukanyaga, lori likapiga kelele kutushinda, nami nikafurahi nikidhani limetusikia. Ikaja harufu ya chuma kuungua, kisha kimya. Mama alifia palepale mchangani.

Miaka yote niliamini niliimba kupita kiasi, nikaliua lile lori.

"Hapana, nyanya," Ekal akasema. "Injini ina kipimo chake cha kuzunguka. Ukikipita, kelele inapanda, nguvu inashuka, mwisho injini inavunjika. Kosa lilikuwa la mguu wa dereva."

Jioni nilimwimbia mama wimbo wa fahali. Sikuwa nimeuimba tangu mchana ule.