Baba Alifika Kinshasa

Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sikuacha. Baba aliondoka milimani kwetu na waasi na hakurudi. Karibu miaka ishirini baadaye, nikifanya kazi ghalani Louisville, huku Marekani, nilimuuliza kila mzee aliyetembea nao kama alimwona. Wote walimkumbuka kiongozi wao tu, mtu wa msituni aliyeanza na kikundi kidogo akaishia kuwa rais.

Nikahamia Columbus. Huko mzee mmoja alinicheka nje ya kanisa: “Baba yako alitoroka njiani, kijana. Donc, basi, tuache.”

Sikumwamini. Nikaenda Buffalo, na kule mtaa wa Lower West Side nikampata mzee aliyefika Kinshasa kwa miguu. Alisema siku redio ilipomtangaza kiongozi wao kuwa rais, askari walipiga risasi hewani. Mmoja tu wa kwetu aliweka bunduki chini, akaanza kuwasifu ng'ombe wake kwa sauti, kama wanaume wa milimani wafanyavyo wakifurahi.

“Tulimwambia, we, nchi imepata rais, wewe unasifu ng'ombe!”

“Ng'ombe gani, mzee?”

“Alianza na mwekundu, pembe moja imeinama mpaka jichoni.”

Ng'ombe huyo nilimchunga mwenyewe. Kwetu mtu hasifu ng'ombe wa mwenzake.

Nikampigia mama simu, yuko Louisville bado. Nikamweleza habari za ng'ombe yule.

“Bon,” akasema. “Nipe namba ya yule wa Columbus aliyesema alitoroka.”