Nondo Zilizokunjwa Makambako

Dukani Makambako nondo hukunjwa katikati ndipo zipakiwe kwenye lori la Fuso, la sivyo zitaburuta barabarani. Kila fundi wa huku anajua kazi ya kwanza ni kuzinyoosha. Kwa nyumba ya kawaida hakuna anayejali. Kwa sakafu ya daraja mhandisi alituachia agizo: palipokunjwa pakatwe, kisha vipande viunganishwe kwa kulaza ncha zake ubavu kwa ubavu.

Msimamizi wa nondo nilikuwa mimi, daraja lenyewe la kijijini kwetu. Tungekata, nondo zisingetosha, na zege lilikuwa la kesho yake. Nikasema, "Nyoosheni tu." Fundi mkuu, mzee asiye na maneno mengi, akaokota waya wa kufungia nondo. Akaukunja, akaunyoosha, akaukunja tena, mpaka ukakatika.

"Bosi, chuma nacho huchoka. Hakikatiki leo. Kila lori litakichosha kidogo."

Nikamkaripia. Zege likamwagwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi.

Nyumba yangu iko jirani na daraja, mjinga mimi. Malori ya mbao yakipita, kijiko hubaki hewani mpaka yavuke. Nikisema, daraja litafungwa, viazi vya kijiji kizima vitaozea shambani na kibarua changu kitaota nyasi. Nikinyamaza, ipo siku litakatika na watu juu yake. Naogopa, basi.

Mama hakujua. Kila Jumapili tukitoka kanisani lazima asimame katikati ya daraja, akanyage sakafu mara mbili na kuwaambia wenzake, "Hili kalijenga mwanangu." Jumapili iliyopita alisimama hapo na wajukuu wawili, lori la magogo likaingia. Sakafu ikatetemeka kidogo, kama ya daraja lolote. Nikapiga kelele, "Mama, toka hapo!"

Akatoka akicheka. "Una nini wewe? Unaliogopa daraja lako mwenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

Nikamweleza yote, hadi ule waya. Kicheko kikamwisha. Akawavuta wajukuu karibu yake.

"Na siku zote hizi ukaniacha nisimame pale?"



Jumatatu niliandika barua ya kukiri, nikapanda bodaboda kuipeleka ofisini kwa mhandisi, Igwachanya. Tulipita juu ya daraja hilohilo. Njia nyingine hatuna.