Reli ya Busia kwenye Ubao wa Babu

Ilianza Ijumaa, saa kumi na dakika ishirini jioni, mama aliposhuka kwenye pikapu na mabelo manne ya mitumba. Alitazama mawingu upande wa Mwamba, lile jabali la Tororo, akatazama veranda yetu, kisha akatazama mlango wa chumba cha babu. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Mwambie babu yako," alisema, "mvua ya wiki jana imeniharibia belo nzima. Nataka hiyo nafasi ya mbao zake."

Babu alikuwa amekaa hatua tatu tu kutoka pale, na masikio yake hayana kasoro. Lakini kwetu baba mkwe na mke wa mtoto wake hawaambiani maneno mazito uso kwa uso. Maneno mazito hupitia kwangu. Mimi ambaye hata darasani hujibu nikiwa nimeinama, hadi mwalimu wa fizikia huniuliza kama naongea na dawati.

"Jaja," nilianza, maana ndivyo tunavyomwita babu, "mama anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mama yako, ubao ule ukitolewa mlangoni, Mwamba utapasuka."

Hilo lilikuwa kweli. Ubao wa babu ni plaiwudi pana kuliko kitanda changu, na juu yake kuna Tororo ya wakati wa kazi yake: stesheni, njia panda, ghala, na Mwamba wenyewe, alioufinyanga kwa saruji halisi. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtu wa kugeuza reli pale stesheni. Mhandisi mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia sanduku la treni ndogo ya umeme, injini na mabehewa matano, naye akaitengenezea mji. Macho yalipoanza kuingia ukungu tulimtoa kijijini Molo akaja kukaa nasi, na ubao ukaja naye, wanaume sita wakiubeba na kuulaani. Tangu hapo treni haijatembea. Panya walikula nyaya, reli zikashika kutu.

Mama alikuwa anazungusha bangili mkononi, kama afanyavyo akiwa na hesabu kichwani. "Mwambie kama hiyo treni inatembea, nitaacha. Kama haitembei, ni mbao tu. Nampa mpaka Jumapili, tukitoka kanisani."

Babu alisugua magoti yake, juu chini, juu chini.

"Nitaitengeneza mimi," nilisema. Sijui sauti ile ilitoka wapi. Maharage yalimwagika.

Usiku ule sikulala vizuri, na saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshapiga magoti mbele ya ubao na kitambaa na mafuta ya taa. Kutu ilitoka polepole, kipande kwa kipande. Injini niliifungua kwa kisu cha jikoni. Ndani nilikuta nywele zimejisokota kwenye ekseli, nikazitoa kwa sindano, nikatia tone moja la mafuta ya cherehani. Umeme niliutoa kwenye betri ya pikipiki ya baba, iliyosimama nyuma ya nyumba tangu alipoanza kazi ya malori ya Sudan. Katikati ya waya babu aliniambia niweke balbu ya indiketa. "Reli zikigusana vibaya, balbu itawaka kali badala ya injini kuungua. Hiyo ndiyo polisi yako."

Saa nne injini ilinguruma mkononi mwangu. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuandika.

Lakini sikuweza kukaa. Nilizunguka ubao, nikatoka nje, nikarudi. Nilikuwa nawaza kwamba treni ile itazunguka Tororo ya zamani, mama atatazama mara moja, atasema sawa, na mwezi ujao mvua ikinyesha atataka tena chumba. Mle ndani hakukuwa na kitu chake. Mama ni Msamia wa Busia, na Busia haina reli. Basi nikaamua kumpelekea.

Niling'oa njia ya pembeni, ile ambako mabehewa mabovu hulala, nikaipindisha kona mpaka ukingo wa ubao. Pale mwisho nikajenga mpaka wa Kenya: kizuizi cha mrija mwekundu na mweupe, na kibanda cha kiberiti chenye uzi, na kwenye uzi nikaning'iniza vipande vya nguo vidogo kama kucha, vyekundu, bluu, maua maua. Babu alipitisha vidole juu ya reli, polepole, kama mtu anayesoma.

"Reli zako ni safi, Mama." Huniita Mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Hii inakwenda wapi?"

"Busia."

Alicheka mpaka akakohoa. "Serikali ngapi zimeshindwa, wewe umemaliza kabla ya chakula cha mchana."

Tatizo lilikuwa pale reli mpya zilipokutana na za zamani. Umeme haukuvuka. Nilihitaji waya nene, vipande viwili vifupi vya kupitisha chini. Panya hawakuacha kitu, na mama alikuwa ameondoka na hela zote. Kwenye kona ya ubao kulikuwa na msumari, na kwenye msumari ilining'inia bangili ya waya nene ya shaba.

Nilijua ni nini. Siwezi kuandika kwamba sikujua. Ile ni tokeni. Babu amenisimulia tangu nikiwa mdogo: kati ya stesheni na stesheni njia ni moja tu, na dereva haruhusiwi kuingia mpaka amekabidhiwa tokeni mkononi, yenye majina ya stesheni mbili. Aliye nayo ndiye mwenye njia. Asiye nayo anangoja, hata kama anaona reli tupu mpaka mbinguni. Ya babu ilikuwa na kibati alichokikwaruza majina hayo mwenyewe.

Nilijiambia ni waya. Nikachukua koleo ya baba, nikaikata katikati, nikavinyoosha vile vipande viwili kwa nyundo, kibati kikiwa bado kwenye kimoja, na kuvipachika chini ya reli. Umeme ukavuka. Nikazima swichi, safari ya kwanza ingoje Jumapili, na injini ikafika Busia nikiisukuma kwa kidole, nyepesi kabisa.

Baada ya hapo sikutulia tena. Babu haoni mbali, kwa hiyo hakuona msumari mtupu, na kila alipoinua mkono, hata kufukuza nzi, nilisimama mbele ya ule msumari. Jioni nilimpikia uji bila kuombwa. Jumapili kanisani nilisimama wakati wa kukaa. Mama alinivuta gauni. "Wewe una siafu?"

Tuliporudi alivuta kigoda akakaa mbele ya ubao, bado amevaa kitambaa chake cha kanisa. Alikitazama kile kibanda cha kiberiti muda mrefu.

"Hii ni ya kwangu?"

"Ndiyo."

"Mbona haina wateja?"

"Ni asubuhi bado," nilisema, naye akakunja midomo ili asicheke.

Babu alikaa upande wake, akavuta shati likanyooka. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye msumari, bila kupapasa, kama mkono unaojua mlango wa nyumba yake. Ukakuta msumari. Ukashuka chini yake, ukapapasa ubao, ukarudi.

"Tokeni iko wapi?"

Nilisikia jirani akisonga ugali. Mama alinitazama, na mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Nimeikata," nilisema. "Iko chini ya reli. Nilikuwa nataka waya."

Babu hakufoka. Alirudisha mikono yake juu ya magoti. "Basi njia imefungwa."

"Mwambie babu yako ni mchezo tu," mama alisema. "Abonyeze. Sisi tunaona njia iko wazi."

"Mwambie mama yako, nimeokota watu kwenye reli kwa sababu ya mtu aliyeona njia iko wazi."

Nilitaka kulia lakini hata hilo nililionea haya. Ningeweza kubonyeza mwenyewe. Swichi ilikuwa karibu na goti langu. Treni ingetembea, ahadi ingetimia, na babu angekaa pale akisikiliza treni inayopita kwake bila ruhusa. Niliondoa goti.

Ndipo mama akaanza kuvuta bangili yake. Ni shaba pana, aliyovishwa na mama yake huko Busia siku ya kuondoka kwao, na ilikuwa haijatoka miaka mingi. Alilowesha mkono kwa mate, akavuta mpaka ngozi ikakunjamana. Akanipa mimi. "Mpe."

Babu aliipima kwa kidole gumba, ndani na nje. "Imeandikwa nini?"

"Haijaandikwa," nilisema.

"Hii ni pambo. Njia haiendeshwi kwa pambo."

Niligeuka kwa mama kupeleka maneno, ingawa alikuwa amesikia. Alifumba macho kidogo. "Iandike," alisema. "Lakini andika vizuri, usinichorechoree."

Niliandika kwa ncha ya msumari mwingine, ulimi nje, TORORO upande mmoja na BUSIA upande wa pili. Herufi S ilinishinda, ikawa kama nyoka aliyekanyagwa. Babu alizisoma kwa kucha, moja moja, akaishika bangili mkononi na kubonyeza swichi.

Balbu iliwaka hafifu. Treni iliondoka stesheni, ikapita ghala, ikapotea nyuma ya Mwamba na kutokea, ikaingia njia ya Busia. Katikati ya kona, juu ya vile vipande vyangu vya shaba, ikasimama. Babu aligonga ubao kwa vidole viwili, bila hasira, na ikashtuka, ikaenda mpaka kwenye mrija mwekundu na mweupe. Ndipo akaitundika bangili msumarini.

Mama alishika kifundo cha mkono kilichobaki wazi.

"Mwambie babu yako mabelo mawili yatakaa chini ya ubao, juu ya matofali. Mawili nitamwomba jirani aniwekee."

"Mwambie mama yako chini ya ubao hakuna stesheni. Aweke matatu."

Jumatatu niliamka kabla ya wote. Mama alikuwa na safari ya soko, na nilimsikia akivaa gizani, halafu akitulia. Nilijua anatafuta bangili mkononi. Nilivitoa vile vipande viwili chini ya reli, mahali pake nikaweka waya ya spika zangu za masikioni, niliyoisokota mara nne ikawa nene, nikavikunja tena kuwa duara na kuvifunga kwa waya nyembamba. Nilitaka kuitundika mahali pake. Lakini msumarini ilikuwepo ile ya mama, na tokeni mbili kwa njia moja ndiyo ajali yenyewe. Nikang'oa kibati, nikakiweka mfukoni.

Nilikimbia mpaka zinapojazia abiria pikapu za Busia. Mama alikuwa ameshakaa mbele, kikapu mapajani. Nilimpitishia ile duara dirishani.

"Nini hii?"

"Ya njia ya zamani. Haitumiki tena."

Aliivaa kwa kuisukuma. "Inabana," alisema. Dereva akawasha gari, naye hakuivua.