Nyota Nne za Mama Mwenye Nyumba

Shemeji yangu aliendesha gari kama mtu aliyebeba mayai ya jirani. Madereva wenzake walimwita Taratibu, na ukipanda gari lake ukiwa na haraka, ilibidi uanze kuomba radhi huko uendako kabla hujaondoka. Alimuoa dada yangu, kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema. Utani wa shemeji hauna mahakama.

Zamani alikuwa fundi wa mashine za fotokopi. Ofisi zilipoacha karatasi, akanunua gari dogo lililokwisha kuzeeka kwa watu wengine, akajiunga na kampuni ya njano, ile ya kuita gari kwa simu. Kampuni zilikuwa mbili, ya njano na ya kijani, na zilichukiana kama wake wenza wanaotumia jiko moja. Leo huyu anashusha nauli, kesho yule anabeba watu bure. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Walisahau kutuambia kwamba nyasi huanza kwa kuchekelea.

Madereva nao walikuwa na ujanja wao, wakiuita kufa kidogo. Kampuni ikipunguza marupurupu, dereva anafuta akaunti yake na kukaa kimya. Baada ya siku chache kampuni inamtumia ujumbe wa kumbembeleza kama mchumba aliyekosewa: rudi, tumekukumbuka, zawadi ya kurudi ipo. Anarudi, na kila kitu anakikuta palepale, nyota zake, safari zake, maneno ya abiria wake. Kampuni haikuwa ikifuta chochote. Ilikuwa inafunika tu. Shemeji alikufa kidogo mara nyingi kuliko paka.

Sasa dada yangu. Dada alikuwa na ugomvi mmoja na mumewe: hakai nyumbani. Mchana yuko barabarani, jioni yuko barabarani, akirudi anasinzia na kijiko mkononi. Basi siku moja Dada akiwa sokoni, akajisajili kwenye programu ya njano kwa jina la Mama Mwenye Nyumba, akaita gari. Alimwona mumewe ameegesha ng'ambo ya barabara, kwa hiyo alijua ni dereva gani atakayeletewa. Shemeji akapokea safari, akasogeza gari kwa heshima zote, akashuka kumsaidia mteja mizigo. Akakutana na mkewe.

"Kumbe wewe?"

"Dereva, tunajuana?" Dada akapanda nyuma. "Endesha, nina mume mkali nyumbani."

"Mke wangu, acha mchezo."

"Na mazungumzo sitaki. Abiria ana haki ya kunyamaza, nimesoma masharti yenu."

Walikwenda hivyo hadi nyumbani, Shemeji akimchungulia kwenye kioo, Dada akitazama nje kama mke wa waziri. Nilikuwa mlangoni walipofika. Dada alishuka, akamwachia mizigo yote, akaingia ndani, akaketi na kuandika maoni yake kuhusu safari. Aliandika: "Barabarani dereva ana adabu sana. Nyumbani bado anajifunza." Akampa nyota nne.

Shemeji alikuwa na tano tupu mpaka siku hiyo. Alilalamika kama mtu aliyeibiwa. "Hata wageni wananipa tano!" Dada akamjibu, "Wageni hawakujui."

Mwaka uliofuata Dada akaugua, na ugonjwa wenyewe haukuwa na utaratibu wa Shemeji. Ulikwenda mbio. Tulimzika kabla hatujajifunza kulitamka vizuri jina la ugonjwa.

Dada hakuwa mtu wa kuandika ujumbe. Alikuwa anapiga, anatoa amri, anakata. Simu yake mama aliifuta kila kilichokuwamo, akampa binamu yetu aliyekuwa anaanza chuo. Kwa hiyo maandishi ya Dada yaliyobaki duniani yalikuwa yale ya kwenye akaunti ya Shemeji. Kila asubuhi alikaa garini, akayafungua, akayasoma midomo ikimchezacheza, kisha akawasha gari. Nilimwona mara nyingi nikapita kama sikuona. Hata mimi mdomo wangu una siku zake za mapumziko.

Ndipo ikaja habari kwamba ya kijani inainunua ya njano. Redioni walisema muungano wenye manufaa kwa wote. Ukisikia "wote", jua wewe humo. Madereva walielewa upesi: duka likibaki moja, muuzaji ndiye anayetaja bei. Mamlaka inayosimamia ushindani wa biashara ikasema itasikiliza kila upande kabla ya kutoa ruhusa.

Kiongozi wa madereva, mtu mnene waliyemwita Honi kwa sababu ya sauti yake, akaitisha mkutano pale wanapooshea magari.

"Jamani, siku ya kusikilizwa, sote tunakufa kidogo!" alinguruma. "Saa ileile! Waheshimiwa wafungue ramani, wasione gari hata moja. Waone kinachouzwa ni gamba tupu!"

"Na tukikataliwa kurudi?" mmoja akauliza.

"Lini umekataliwa? Hawa bila sisi wana nini, rangi?"

Wakacheka. Shemeji naye akacheka, akanyoosha mkono kukubali. Asingeweza kubaki peke yake kwenye ramani, kidoa kimoja cha msaliti kinachotembea taratibu. Siku ilipofika wakafuta wote. Programu ikawauliza, una hakika? Walikwisha kuulizwa hivyo mara nyingi kama mtoto anavyoulizwa kama amenawa. Ndiyo, wakabonyeza.

Ambacho hawakukiangalia ni sheria mpya ya kulinda taarifa za watu. Ilikuwa imeanza kutumika muda mfupi kabla ya hapo, na ilikuwa sheria nzuri. Mimi mwenyewe niliisifu vijiweni. Ilisema mtu akifuta akaunti, kampuni ifute kweli, siyo kufunika. Ya njano, ikitafuta ruhusa ya kuuzwa, ilitaka kuonekana na mamlaka kama mtoto mwenye adabu. Ikatii sheria mara moja.

Ruhusa ilitolewa, kwa masharti ambayo hakuna dereva aliyeelezwa. Wakarudi mmoja mmoja wakiwa wamenuna, sasa chini ya rangi ya kijani. Hakuna aliyebembelezwa. Shemeji alijisajili akiwa garini, nje ya nyumba yetu. Baadaye niliona ameinamia simu, injini imezimwa. Nikaenda dirishani.

"Shemeji, leo umeegesha taratibu mpaka umeganda?"

Akanionyesha kioo cha simu. Dereva mpya. Bado hakuna maoni.

Tulikwenda pamoja kwenye ofisi ya kampuni. Ghorofa ya chini kulikuwa na viti vya plastiki, mashine ya maji isiyo na vikombe, na binti wa huduma kwa wateja mwenye sauti ya pole. Alitafuta kweli, sitamsingizia. Akamwita mwenzake, wakatafuta wote wawili.

"Baba, yamefutwa," akasema. "Zamani tungeweza kuyarudisha. Sasa sheria hairuhusu hata kubaki na nakala. Ni kwa usalama wako."

"Usalama wangu," Shemeji akarudia.

"Kama ni nyota, usijali. Ukifanya kazi vizuri utazipata tena."

"Si nyota, binti yangu. Ni mtu."

Binti akanitazama mimi nimsaidie. Nami nikaitazama mashine ya maji.

"Ungepiga picha kioo cha simu," akasema kwa upole.

Nani anapiga picha ukuta wa nyumba yake kila siku? Mtu anadhani utakuwepo.

Tulirudi nyumbani kwa mama. Mbele ya mama mkwe, Shemeji huwa anaongea kwa kipimo, macho chini. Siku ile alimsimulia yote, na yale maneno akayataja: "Barabarani dereva ana heshima. Nyumbani anajifunza."

"Siyo hivyo," nikasema. "Ana adabu sana. Bado anajifunza."

"Heshima, Shemeji," akanijibu. "Nimesoma kila siku."

"Alinisomea mimi kabla hajakutumia!"

Mama akasema mwanawe hakuwahi kusema adabu maisha yake yote, labda nidhamu. Tukabishana, sauti zikapanda. Wa kumuuliza hakuwepo, wala pa kutazama.

"Niandike yote mawili kwenye karatasi?" nikamwuliza Shemeji. "Uchague."

Akatikisa kichwa. "Utakuwa mwandiko wako, Shemeji."

Simu yake ikalia. Safari, mtaa wa pili. Akaaga, nikamsindikiza nje, na kwa kuwa sikutaka akae peke yake nikapanda mbele hadi kwa mteja. Mama mmoja mwenye mkoba akafungua mlango wa nyuma, akatazama simu yake, akamtazama yeye.

"Dereva, hapa wameandika wewe ni mpya. Njia unaijua?"

"Naijua, mama," Shemeji akajibu.

Nikashuka. Gari likaondoka, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, aliendesha kwa kasi, kama mtu ambaye mayai aliyobeba yamekwisha kuvunjika.