Nyama Haifukiwi kwa Hasira

Jumamosi, saa tisa alasiri, mawe ya shimoni yameshakuwa mekundu. Nyama ya nguruwe imepakwa zingefuri, ile mbegu ya rangi nyekundu, na maji ya danzi, imefungwa kwenye majani ya mgomba na kupangwa ndani ya karai. Kilichobaki ni kuishusha, kuifunika kwa bati na kuifukia kwa udongo hadi kesho. Lakini Bi. Hermelinda Canché amesimama uani kwake, mikono kiunoni, na hashushi kitu.

"Siwezi," anasema. "Nina hasira. Nikiifukia hivi itatoka mbichi."

Hapa Tixbalam, kijiji cha Yucatán nchini Mexico, hakuna anayeicheka kauli hiyo. Kila mtu anajua kwamba anayefukia nyama akiwa amekasirika ataifukua ikiwa na damu, hata achome kuni za msitu mzima. Wala hakuna anayefungua mapema kuchungulia, maana joto likishatoka halirudi.

Wifi yake, Bi. Nicolasa Uc, anakata vitunguu vyekundu kando ya ukuta.

"Basi fukia wewe, wifi," Bi. Hermelinda anamwambia.

"Mimi? Thubutu! Hasira zangu zinazidi zako. Nikifukia mimi leo, nguruwe atafufuka atukimbie."

Hasira hiyo ina mwenyewe, naye anaishi ng'ambo ya ukuta. Bwana Fausto Arrieta, mtu wa kuja kutoka mji mkuu, alinunua nyumba ya jirani mwaka juzi, akachimba bwawa la kuogelea na kuanza kupangisha watalii. Kwenye lango lake ametundika ubao unaosema kuwa jikoni mwake hupikwa nyama ya shimoni, ile ya asili. Huipika kwenye tanuri la gesi. Nimeionja. Ina rangi, basi.

Jumatano iliyopita alikuja afisa wa manispaa. Alisimama mlangoni, hakuketi, hakunywa hata maji aliyokaribishwa. Alisema shimo la Bi. Hermelinda lifukiwe kabisa, kwa kuwa moshi wake unawasumbua majirani, na kwamba Jumatatu watakuja vibarua na lori la mchanga.

Majirani gani? Mtaa mzima umekulia katika moshi huo; aliyelalamika ni Bwana Arrieta peke yake. Niseme wazi kwamba habari hii siiandiki kwa utulivu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu amekuja, na mwenyeji ndiye anayeugua. Anauza jina la chakula chetu, kisha anataka wanaokipika wazime moto.

Bi. Hermelinda, mwenye umri wa miaka 61, amekuwa akipika na kuuza nyama hiyo kila wiki tangu alipoolewa. Jumapili moja nzuri humpatia zaidi ya anachopata mwanawe kwa wiki nzima ya kutandika vitanda hotelini, huko pwani. Lakini kinachomuuma zaidi si biashara.

"Shimo hili alilichimba Lázaro," anasema, akimtaja marehemu mumewe, aliyekuwa fundi mwashi. "Alilichimba kwa sururu kwenye mwamba, mikono ikatoka malengelenge. Nikamwambia, wewe mwanaume, tanuri hili au kaburi? Akasema, hili la kutulisha, lile litakuja lenyewe."

Lázaro alifariki mwaka jana. Jumapili hii familia inamaliza mwaka wa msiba, na nguruwe aliyechinjwa alinunuliwa na Lázaro mwenyewe, wakati huo kitoto cha nguruwe tu, wiki chache kabla ya kifo chake.

"Siku ya maziko yake nilifukia nyama nikiwa na hasira," anaeleza Bi. Hermelinda, akijifuta macho kwa kiwiko. "Nilimkasirikia yeye, kwa nini ameniacha. Ikatoka mbichi. Watu wakala maharage kwenye msiba wa Lázaro! Aibu ile siirudii."

Dawa ya hasira ya namna hiyo inajulikana tangu zamani: ipelekwe kwa mwenyewe. Bi. Hermelinda anavua aproni yake na kuelekea langoni kwa Bwana Arrieta. Wifi anamfuata.

"Kisu kiache, Nicolasa. Wataita polisi."

"Waite! Na polisi nao hawali?"

Bwana Arrieta anatoka akiwa na miwani ya jua kichwani.

"Mama yangu, tatizo ni moshi tu," anasema kwa upole. "Wageni wangu wanakohoa."

"Mimi si mama yako. Ningekuzaa mimi ungekuwa na adabu," anajibu Bi. Hermelinda. "Wageni wako wanakohoa? Mbona kila Jumapili wanabisha kwangu na sahani mkononi?"

"Ndiyo maana nataka tushirikiane. Njoo upike jikoni kwangu. Nitakuajiri. Tanuri langu halina moshi."

Hata mimi nasikia damu ikinipanda kichwani.

"Uninyang'anye shimo la mume wangu, halafu unipe kazi?" Sauti yake inafika hadi mwisho wa mtaa, na milango inafunguka. "Huna haya! Ulipohamia hapa huna hata sufuria, nani alikuletea chakula? Nilikupa kwa mkono huu! Kama moshi wangu ni mchafu, tapika na vile ulivyokula!"

Anageuka bila kusubiri jibu. Uani, wifi anamuuliza kama hasira imetoka.

"Imetoka. Nimebakiza kidogo ya Jumatatu."

Kisha anashusha karai, polepole, midomo yake ikisema maneno ambayo hatuyasikii, na kumwaga udongo juu ya bati.

Jumapili, baada ya misa, ua umejaa watu. Bi. Hermelinda anaondoa udongo, anainua bati, anafunua majani. Anashika mfupa wa bega na kuuvuta. Unatoka mweupe, bila hata uzi wa nyama.

"Imeiva," anasema, na hapo ndipo anapolia.

Sahani ya kwanza inawekwa mbele ya picha ya Lázaro. Wengine wanakula kwa chapati za mahindi, vitunguu na pilipili mbuzi. Wageni wawili wa Bwana Arrieta wanachungulia mlangoni, na Bi. Nicolasa anawapungia mkono. "Ingieni! Mtakohoa mkishashiba."

Namuuliza Bi. Hermelinda atafanya nini lori likifika.

"Wifi ana nguruwe aliyekuwa akimweka kwa Krismasi. Tunamchinja leo jioni," anasema, huku akiendelea kupakua. "Nimewaambia wote hawa waje Jumatatu na sahani zao. Vibarua watalikuta shimo lina moto, na ndani mna chakula. Anayetaka kumwaga mchanga, amwage mbele ya watu wenye njaa."